Nilivyomfuata Ng'ombe kwa Simu Hadi kwa Mama Kabula

Leo nimejiaibisha mbele ya kijiji kizima, na ushahidi wote nimeupeleka mwenyewe kwa mikono yangu. Saa hizi jua linazama, nimejifungia chumba cha uani nyumbani kwa Baba. Nasikia watu wanapita njiani wanacheka. Ngoja niwasimulie mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wenye kuongeza chumvi. (Chumvi haihitajiki. Mtaona.)

Kwa wasionijua, naitwa Limi. Nina duka la simu pale Nyahanga, Kahama. Nauza simu, chaja, vioo, kava, na ushauri ambao hakuna aliyeniomba. Wateja wangu wengi ni wachimbaji, na hao ndio walionifundisha habari za GPS. Mchimbaji akipata dhahabu ananunua pikipiki. Pikipiki ikiibwa, analia. Akinunua ya pili anakuja kwangu nimfungie kifaa kidogo kama kiberiti, halafu kwenye simu anaona ramani na kidoti chekundu kinachomwonyesha chombo chake kilipo. Nimesaidia kurudisha pikipiki tatu kwa njia hiyo. Tatu! Kichwa kikavimba, sikatai.

Ndipo nikamfikiria Meneja.

Meneja ni maksai wa Baba. Mkubwa, mweusi, ana baka jeupe usoni. Tulimwita Meneja kwa sababu akifika shambani husimama kwanza kuwaangalia wenzake wakifanya kazi. Lakini akiamua kuvuta plau, anavuta mpaka unamhurumia anayeshika mpini. Baba analima mashamba yake yote kwa Meneja na mwenzake, na huyo mwenzake bila Meneja ni hasara tupu. Sasa mvua zimeanza. Meneja akipotea wiki hizi, Baba halimi, na Baba asipolima hana chakula mwakani. Jambo halikuwa dogo, jamani, nataka mlielewe hilo kabla hamjaanza kunihukumu.

Tangu Mama afariki, miaka sita sasa, Baba anaishi peke yake kijijini, upande wa kwenda Ushirombo. Ni mwenyekiti wa jumuiya kanisani, mtu wa watu, mpole, haongei sana. Mimi ndiye binti mkubwa. Mimi ndiye mwenye kujua kila kitu. (Hivyo ndivyo nilivyoamini hadi leo saa tisa mchana.)

Miezi minne iliyopita nikaja na kifaa, nikamfunga Meneja shingoni kwa mkanda. Baba akasimama pembeni na mikono nyuma.

"Kwa hiyo wewe ukiwa Kahama unamwona?"

"Namwona, Baba."

"Unaona anavyokula?"

"Naona alipo tu."

Akafikiri kidogo. "Mimi nikitaka kujua alipo, natoka nje namwangalia."

Nikamwonea huruma mzee wangu! Nikamweleza kwamba dunia imebadilika, kwamba siku hizi mtu halindi mali kwa macho. Nikamwambia kazi yake ni moja tu: kifaa kisizimike. Akikichaji kwenye sola kila baada ya siku mbili, mengine aniachie mimi. Baba akaahidi. Na Baba akiahidi anatimiza, na hilo ndilo lililoniponza.

Basi maisha yangu yakawa kidoti. Nikiamka, kabla ya kusali, namwangalia Meneja. Mteja ananiuliza bei ya chaja, namjibu huku namwangalia Meneja. Hata simu za kumpigia Baba zikapungua, maana za nini? Kidoti kiko nyumbani, basi nyumbani kuko salama. Zamani nilikuwa nampigia kila jioni tunaongea weee mpaka salio linakwisha. Siku hizi namtumia ujumbe: "Namwona Meneja. Usiku mwema." Na mimi nalala nikijiona mtoto mwema kuliko wote.

Sasa, kama miezi miwili iliyopita nikaanza kuona mambo. Kila Jumatano na kila Jumamosi, saa nane mchana, kidoti kinatoka nyumbani. Kinavuka kijito. Kinaingia kwenye kaya moja ya kitongoji cha pili, kinatulia hapo mpaka saa kumi na moja, kisha kinarudi. Jumatano. Jumamosi. Jumatano. Jumamosi.

Nyie, ng'ombe gani ana ratiba?

Nikapata jibu papo hapo. Kuna mtu anamchukua Meneja kwa siri, anamlimisha shamba lake, halafu anamrudisha kama hakuna kilichotokea! Tatizo ni kwamba kidoti kilikuwa hakizunguki kama ng'ombe anayelima. Kilikuwa kinakaa pale pale. Hilo nalo nikalitafutia jibu: anafichwa ndani mpaka mnunuzi apatikane. (Mtu akiwa na simu nzuri hakosi jibu.)

Nikapiga picha za skrini kumi na nne. Nikaiuliza hata ile programu ya akili bandia. Ikanijibu kwa adabu zote kwamba huenda kweli kuna mtu anamtumia mnyama huyo bila idhini, ikanipa mapendekezo matano. La kwanza lilisema, "Zungumza na mmiliki." Nikaliruka. Mmiliki ni Baba, ana presha, nimsumbue ya nini?

Leo ni Jumatano. Nikafunga duka saa sita, nikapanda bodaboda, nikamwambia dereva akimbie. Saa nane na robo nafika nyumbani. Baba hayupo. Simu yake haipatikani. Zizi tupu. Nafungua ramani, kidoti kile, kinavuka kijito!

Damu ikanipanda. Nikasimama katikati ya uwanja nikapiga mwano.

Kwa wa mbali mnaosoma: mwano ni lile yowe la wizi. Kwetu ukisikia mwano unaacha jembe, unaacha sahani, unaacha hata mgonjwa, unakimbilia unakotokea. Na sheria yake ni moja tu, kila mtu anaijua tangu utotoni. Ukiupiga kwa uongo, unatoa mbuzi. Mimi wala sikuwaza mbuzi. Nilikuwa na picha kumi na nne.

Haikupita muda sungusungu wakajaa. Fimbo, pinde, filimbi. Kinamama nao wakafuata nyuma na watoto mgongoni. Mbele yao Mzee Shija, kamanda wao, anahema.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Meneja kaibwa!"

"Nani kamwona mwizi?"

"Mimi hapa. Namwona hata sasa hivi."

Akageuka kulia, akageuka kushoto. Nikamwinulia simu usoni. Akaikodolea macho.

"Hili ni doa."

"Ndiye Meneja huyo, Mzee."

Kamanda akanitazama mimi, akalitazama doa, akawatazama watu wake. Ni mtu mwenye heshima zake, hakutaka kuonekana wa kizamani mbele ya vijana. "Sawa," akasema kwa sauti nzito. "Tulifuate doa. Twendeni!"

Msafara ukaondoka. Mimi nikawa msoma ramani. "Kushoto! Nyoosheni! Mita mia saba!" Vijana wakatangulia mbio na kamanda wao. Mimi nikabaki nyuma kidogo kwa sababu kutembea huku unaangalia simu si kazi rahisi (nimejikwaa mara nne, kidole gumba kimevimba), na pembeni yangu alikuwa Mzee Masele, jirani yetu wa mlango kwa mlango, mguu unamsumbua.

Tukafika kijitoni. Ng'ombe mmoja kajisimamia zake njiani, kaziba pa kupita. Sikuinua hata macho. Nikamsukuma ubavuni kwa kiganja. "Toka hapa!"

"Limi," Mzee Masele akaita. "Hebu subiri kidogo."

"Mzee, tumebakiza mita mia nne."

"Najua, lakini huyu..."

"Mia tatu na themanini! Twende, Mzee wangu, atatutoroka!"

Mzee Masele akatikisa kichwa akanifuata. Baadaye amenieleza kwamba alijisemea, huyu binti amesoma, labda anajua kitu ambacho mimi sikijui.

Kidoti kikatuleta kwenye nyumba safi ya bati, uwanja umefagiwa, maua kwenye makopo. Vijana walikuwa wameshaizunguka. Ndani cherehani ilikuwa inalia, trrrr, trrrr. Ikanyamaza.

"Hapa ni kwa Mama Kabula," kamanda akaninong'oneza. Alionekana kusita. "Fundi cherehani. Mjane, mtu wa kwaya. Huyu mama aibe ng'ombe?"

"Wezi wa siku hizi hawana sura, Mzee."

"Na mlango ule? Meneja anapitaje mlango ule?"

Swali zuri. Nikajifanya sijalisikia. Kifaa changu kina kazi moja ambayo nilikuwa sijawahi kuitumia: ukibonyeza kitufe kwenye simu, chenyewe kinapiga kengele huko kilipo. Nikapanda juu ya kinu kilichopinduliwa pale uwanjani ili watu wote wanione. Nikapaza sauti: "Mliomo ndani, tumewazunguka! Sasa hivi ng'ombe atalia mwenyewe!" Nikabonyeza.

Pii! Pii! Pii!

Kutoka ndani ya nyumba. Watu wakaguna kwa mshangao. Nyie, ile sekunde! Sijawahi kujisikia mwenye akili kama vile maishani mwangu. Vijana wananitazama kama mtu aliyetua na helikopta. Nikanyoosha kidole mlangoni. "Toka!"

Mlango ukafunguliwa taratibu.

Akatoka Baba.

Baba yangu mzazi. Juu kavaa koti lake la kanisani. Chini kajifunga kanga ya maua mekundu. Miguu pekupeku. Mkononi kashika kikombe cha uji. Na mfuko wa koti unalia pii, pii, pii.

Kamanda akakohoa, akanigeukia, na kwa sauti ileile ya kazi akaniuliza:

"Limi, ng'ombe wako ndiye huyu?"

Hapo ndipo watu walipoanguka. Sitanii, kuna kijana alikaa chini kabisa akaachia upinde. Mimi nabonyeza simu kuizima kengele, nabonyeza pengine, ndiyo kwanza inazidi sauti. Baba naye anajipapasa mfuko kwa mkono mmoja huku mwingine umeshikilia kanga isidondoke. Uji unamwagika. Na Mzee Masele, ambaye ndiyo kwanza anafika na mguu wake, akaona hapo ndipo pa kutoa taarifa:

"Meneja tumempita kule kijitoni. Si ndiye uliyemsukuma?"

(Chekeni pole pole, bado sijamaliza.)

Kisha kuna mtu nyuma akasema neno lililokata kicheko chote. "Mwenyekiti wa jumuiya huyo, kwa mjane, bila suruali." Akalisema kwa sauti ya kutaka asikike. Nikamwona Baba ameinamisha kichwa. Nyie, nimemzoea Baba amesimama mbele ya watu anaongoza sala, na sasa kasimama mbele ya watu walewale anatazama vidole vyake vya miguu, na mimi ndiye niliyewaita. Nikatamani ardhi ipasuke. Heshima ya miaka yote ile, mimi nimeimaliza kwa kubonyeza kitufe.

Kamanda akainua mkono, watu wakatulia. "Mzee Luhende, samahani sana. Ni utaratibu tu, mwano umeshapigwa. Unafanya nini hapa?"

"Nimeleta suruali ishonwe," Baba akasema.

Ilikuwa kweli, maana Mama Kabula mwenyewe akatokea mlangoni nyuma yake na suruali mkononi, sindano bado imening'inia kwenye uzi. Mwanamke mrefu, mtulivu, miwani puani. Akatutazama wote, pinde na fimbo zetu, akanitazama na mimi juu ya kinu chake.

"Wewe ndiye Limi?"

"Ndiyo, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Shuka kwenye kinu changu."

Nikashuka.

"Na mimi niseme," akaendelea, "maana nimeshaitiwa watu na sikuwaita. Miezi mitatu huyu mzee anakuja hapa. Mwanzo alileta mkanda wa ng'ombe umekatika, na hicho kifaa chake kimo mfukoni, anasema ameahidi kisizimike. Mkanda nikaushona siku ileile. Akausahau. Akaja kuuchukua, akausahau tena. Kisha akaleta shati. Kisha koti. Leo kaleta suruali imepasuka gotini, anasema mwiba." Akaiinua suruali juu watu waione. "Mimi ni fundi. Mpasuko wa mwiba naujua, na mpasuko wa wembe naujua."

Baba akafumba macho.

"Namshonea, namkorogea uji, anakaa, anaaga, anaondoka. Hajawahi kunigusa hata mkono, na hajawahi kusema alichokuja kusema. Sasa watu wapo. Aseme leo, au achukue suruali yake asirudi tena kwangu."

Kengele ilikuwa imenyamaza yenyewe. Nikajua kwamba Baba akisema ameleta suruali tu, imekwisha. Anarudi kwenye nyumba yake, peke yake, na mimi nitamtumia ujumbe wa usiku mwema.

Baba akainua kichwa. Hakumtazama Mama Kabula. Akanitazama mimi.

"Mayu," akasema. Ndivyo anavyoniita tangu nikiwa mdogo, kama vile mimi ndiye mama yake. "Nilitaka kukwambia wewe kwanza. Mara tatu umekuja, mara tatu nimeanza. Na mara zote tatu ukaniambia, 'Subiri kidogo, Baba, ngoja niangalie Meneja yuko wapi.'"

Hakusema kwa ukali. Afadhali angesema kwa ukali! Nilikumbuka zote tatu, moja tulikuwa mezani, kijiko chake kiko hewani. Mimi, mtu wa kujua kila kitu kilipo. Machozi yakanitoka palepale mbele ya sungusungu wazima na fimbo zao.

Nikaitumbukiza simu kwenye mkoba, nikafunga zipu. "Sema, Baba. Nakusikiliza."

Akajiweka sawa kanga. Akaweka kikombe chini. Akamgeukia yule mama.

"Mama Kabula, nataka nikuoe. Kama utakubali."

Mama Kabula akakata uzi, akaitoa sindano. Kisha akamrushia suruali kifuani.

"Kwanza vaa."

Kwetu hiyo ni ndiyo kubwa kuliko ndiyo. Kinamama waliokuwa wamekuja kumpiga mwizi wakaangusha vigelegele, filimbi za sungusungu zikaitikia, na Mzee Masele akaanza kucheza kwa mguu ule ule mbovu. Yule aliyesema maneno ya bila suruali namsikia na yeye anashangilia kwa nguvu kuliko wote. (Nimemtambua. Nauza simu mimi, atakuja tu.)

Kamanda hakusahau kazi. Akanisogelea taratibu. "Limi, ng'ombe hajaibwa. Mwano ulikuwa wa uongo. Mbuzi."

"Mzee, mimi naona kuna mtu alikuwa anaibwa."

"Mbuzi," akasema. "Wa siku ya posa. Awe mnene."

Nimekubali. Mtu aliyekamatwa na ushahidi wake mwenyewe hana cha kubishana. Baba yuko nje sasa hivi, kavaa suruali, anawaeleza wageni kwa mara ya tano jinsi alivyoichana, na anaongea, jamani, anaongea sana! Sikujua kama Baba anaweza kuchekesha watu. Kifaa nimekizima. Meneja amerudi mwenyewe zizini, ananitazama dirishani kwa dharau, na nadhani ubavu bado unamuuma.

Msinicheke, nawaomba. Anayecheka asije dukani kuniomba punguzo la kava.

Mdogo wangu anayefanya kazi Mwadui ndiyo kwanza ananitumia ujumbe. Habari zimemfikia nusu: "Dada hongera, nasikia umewaongoza sungusungu mpaka mkamkamata. Ni nani?" Nimeandika, nimefuta. Nimeandika, nimefuta. Mwishowe nimemjibu:

"Ni Baba. Tafuta suti."